Kamati Ilipovuka Kojani

Sekondari ilikuwa ng'ambo, upande wa Pemba kubwa. Sisi watoto wa Kojani tulikuwa na skuli ya msingi papo hapo kisiwani, lakini aliyefaulu kuendelea ilimbidi avuke maji kila asubuhi na kurudi jioni. Baada ya Mapinduzi elimu ilitangazwa kuwa bure, na kweli skuli hatukutozwa kitu. Tatizo lilikuwa kivuko. Mashua zilifuata saa za soko la samaki, si saa za kengele, na bahari nayo haikuwa na habari na ratiba ya mtu. Maji yakitoka sana tulishuka mbali na nchi kavu tukatembea kwenye matope, viatu mkononi, sketi imekunjwa magotini, na tukifika tunamkuta mwalimu wa zamu mlangoni na bakora yake, ati watu wa Kojani tumezoea kuchelewa.

Nilipokuwa kidato cha pili mtumbwi mmoja ulipinduka na wanafunzi ndani. Hakufa mtu, alhamdulillah, walichopoteza ni mabuku tu. Lakini mama alikuwa pwani siku hiyo na aliona kila kitu. Tangu hapo chakula hakikumshuka mpaka anione nimerudi.

Baba alikuwa mvuvi wa dago, yaani yeye na wenziwe huondoka kila msimu wakapiga kambi ya uvuvi pwani za mbali, Unguja, Tanga, hata upande wa Kenya, kwa miezi. Wakiondoka, kisiwa hubaki na wanawake, wazee na watoto, na vyombo vizuri huwa vimekwenda nao. Wa kutuvusha huwa ni yeyote aliyebaki na chochote kilichobaki. Ndiyo maana jioni moja, wenziwe wakishona nyavu, baba alisema kwa sauti ya kusikika pwani nzima: "Serikali imeahidi boti ya mashine ya kuvusha watoto wa skuli. Ikija, binti yangu atasoma mpaka amalize. Isipokuja, mwaka huu ukiisha na yeye basi. Mie siwezi kwenda dago huku nyuma mama yake roho iko mkononi."

Wenziwe walisema ni haki. Nilikuwa pale pale na ndoo yangu, na nilijua alichokisema ni kitu gani, kwa sababu baba hakuwa mtu wa kusema neno mbele za watu kisha akalirudisha. Msichana akishakaa nyumbani, posa haziko mbali. Mie nilitaka kusoma, na wala sikutaka kwa upole kama wale watoto wanaosifiwa. Nilitaka kwa hasira.

Boti yenyewe ilikuwa kwenye bajeti ya wizara ya elimu na fedha zake zilikwisha pitishwa. Hilo kila mtu alilijua. Mwalimu mkuu wetu alikwenda afisi ya wizara mjini Chake Chake kuiulizia akaambiwa iko Wesha bandarini, inangoja karatasi. Akateremka Wesha, akakuta magunia ya mkaa na watu wanapakua saruji. Akapanda tena afisini, akaambiwa aah, mashine yake imepelekwa Unguja kutengenezwa. Alipotusimulia darasani tulicheka mpaka naye akacheka. Boti haijagusa maji hata siku moja na mashine yake tayari mgonjwa.

Kisha sheha, mtu wa serikali hapo kisiwani, akatuletea habari kwamba Kamati ya Baraza la Wawakilishi inakuja. Hii ndiyo kamati ambayo kazi yake ni kuiuliza wizara fedha ilizopitishiwa imezifanyia nini, na safari hii haikutaka majibu ya karatasi. Wajumbe walikuwa wanazunguka Pemba kutazama kwa macho yao wenyewe, na Kojani wanakuja khasa kwa ajili ya boti. Nilifurahi hata nikamsaidia mama kupara samaki bila kuambiwa. Kwani kulikuwa na kazi gani hapo? Watakuja, watauliza boti iko wapi, wataambiwa haipo, na wizara itaona cha mtema kuni.

Ila sisi ni watu wa kuogopa aibu ya mgeni kuliko njaa. Kikao cha mapokezi kilipokaa, neno la kwanza halikuwa watoto wala skuli. Lilikuwa: waheshimiwa hawa tutawavusha na nini? Haiwezekani Mwenyekiti wa Kamati akalie ubao wenye magamba, maji ya samaki yanamchuruzika miguuni, halafu akashuke Kojani ananuka. Wakapendekeza hiki na kile. Mwisho baba akasimama akasema wamwachie yeye. Alikuwa na ndugu yake Wete, ami yangu, mwenye boti nzuri ya mashine ya kuchukulia mizigo na abiria. Atakwenda kuiazima.

Watu walimwombea dua baba. Hakuna aliyeona kasoro. Mie nami sikuiona, uongo wa nini. Boti ililetwa, ikasuguliwa kwa sabuni na ndimu, ikatandikwa mikeka mipya ya rangi, na wanawake wakatoa mito kutoka vyumbani mwao.

Na malalamiko? Hayo yalipangwa vizuri tu. Kwetu mgeni haelezwi shida kabla hajala, hata kama shida yenyewe ndiyo iliyomleta. Akishakula, akishanawa, mzee mmoja mwenye ulimi husimama akasema kwa niaba ya wote. Mzee alichaguliwa, na kwa siku kadhaa tulimsikia akipita vichochoroni anajisemea peke yake.

Siku ilipofika, sisi wanafunzi tulivushwa mapema ng'ambo kwenda kuwapokea wageni kwa kasida na kurudi nao. Walikuja na magari ya wizara, na pamoja nao mkubwa wa wizara kwa upande wa Pemba, bwana mmoja mnene wa suti ya kijivu. Aliposhuka alikuwa na uso wa mtu anayepelekwa kung'olewa jino. Aliangalia pwani, akaiona boti, mikeka, mito, na baba amesimama nyuma na kofia yake mpya.

Mwenyekiti akasema, "Kumbe boti yenyewe ndiyo hii."

Sikumwondolea macho yule bwana. Alitazama kulia na kushoto, akaona hakuna mtu anayesema kitu. "Ndiyo hii, Mheshimiwa," alisema. "Karibuni, karibuni sana." Na rangi ikamrudi usoni.

Tukapanda. Nilikaa karibu na mashine, namtazama baba. Sasa atasema, nikawaza. Mwenyekiti alikuwa mtu mpole, alimgeukia akamuuliza, "Haya mzee, boti inawasaidia watoto?"

Baba akaweka mkono kifuani. "Alhamdulillah, Mheshimiwa. Tunashukuru."

Msiomjua Mpemba mtasema alidanganya. Hakudanganya. Huyu ni mtu ambaye ana homa hawezi kuinua shingo, ukimuuliza hali anakujibu njema. Kuulizwa na mgeni, ndani ya chombo, kabla hajatia tonge mdomoni, hakuna jibu jengine analolijua. Karani wa Kamati aliandika. Mjumbe mwanamke akatuomba tuimbe tena kasida, tukaimba.

Walikula vizuri. Kulikuwa na wali wa nazi, changu wa kukaanga, na pweza. Waliponawa, mzee wetu akasimama. Akaanza kwa kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume, akaenda kwa wazee waliotangulia, akaisifu serikali, akawasifu wa msafara mmoja mmoja kwa cheo chake. Alisema vizuri mno. Alikuwa ndiyo kwanza anakaribia mambo ya skuli pale kijana mmoja alipoinama sikioni mwa sheha: maji yanatoka, wasipoondoka sasa hivi wataondokea kwenye matope. Mwenyekiti akasimama, akamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili, akasema ameyasikia yote na ameguswa. Wakateremka pwani. Mzee alibaki amesimama pale na maneno yake yaliyobaki, na nakumbuka aliyamaliza, kwa sauti ya chini, mbele ya sahani tupu.

Siku Kamati iliposoma ripoti yake Barazani tulikusanyika penye redio. Mwenyekiti aliisema wizara kwa mengi, vyoo vya huku, mapaa ya kule, na kila alipotaja kitu baba aliitikia kwa kichwa kumuunga mkono. Kisha ikaja zamu yetu. Kuhusu boti ya wanafunzi wa Kojani, Kamati imeiona, imeipanda yenyewe, na imeridhika. Iko katika hali nzuri ya usafi. Wananchi wanashukuru.

Mmoja akaanza kucheka, wakacheka wote, kile kicheko cha mtu aliyejigonga mwenyewe. Baba hakucheka. Mama aliingia ndani. Boti ya ami ilikuwa imekwisha rudi Wete na magunia yake. Nilikasirika mpaka usiku nikashindwa kula, na sikujua nimkasirikie nani, yule wa suti, au maji, au adabu zetu.

Mwaka uliisha. Baba akaanza kutengeneza nyavu za dago, na mama akaanza kunifundisha kukata suruali na kuzishona kwa cherehani, mambo ambayo hayakuhitaji maelezo. Hakuna aliyeniambia kwamba skuli imekwisha. Ilikwisha semwa pwani.

Siku moja tunakula nikaweka tonge chini. "Baba, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Boti ya serikali imekuja au haijaja?"

Mama akanikata jicho. Baba aliendelea kutafuna. Nikasema, "Kwa sababu Mwenyekiti alikuuliza mbele ya watu, ukasema tunashukuru. Na Baraza limesema ipo. Na wewe ulisema ikija nitasoma mpaka nimalize."

"Weye mtoto!" mama alisema.

Nilitegemea kofi. Baba alimaliza chakula chake, akanawa, akafuta mikono taratibu kwenye msuli aliojifunga kiunoni. "Ni kweli nililisema," akajibu, na akatoka.

Wenziwe walipoondoka kwenda dago, yeye hakwenda. Asubuhi ya kufungua skuli aliniamsha kabla hakujapambazuka vizuri, nikamkuta pwani ameuteremsha mtumbwi wake wa zamani, ameshika pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, na wasichana wengine wa sekondari wamekwisha kaa ndani, maana alipita kugonga kwao mwenyewe. Alituvusha akatungoja upande wa pili, akivua mishipi karibu karibu, akatuvusha kurudi. Kesho yake vile vile. Mvua vile vile. Samaki wa mishipi si samaki wa dago, na nyumba yetu ilijua tofauti yake. Chai ikawa ya rangi, Sikukuu tukavaa za zamani, na mama alishona suruali za watu mpaka macho yakamuuma.

Kojani hawakuacha jambo lipite bure. Walimpa jina. "Wizara, leo umechelewa," walikuwa wakimwambia akipita na pondo begani. "Wizara, mashine yako imerudi kutoka Unguja?" Hata watoto wadogo walimwita hivyo, Baba Wizara, na mwenyewe aliitika.

Nilikuwa kidato cha tatu bajeti iliposomwa tena. Baba alikuwa pwani, mtumbwi ameupindua juu chini, anapiga kalafati, anashindilia pamba na mafuta ya papa kwenye ufa uliokuwa ukirefuka kila mwezi. Redio ilikuwa kando. Wizara iliomba fedha za mafuta na matengenezo ya boti ya wanafunzi wa Kojani. Mjumbe mmoja alisimama kupongeza. Zikapita.

"Wizara," mtu akaita kutoka penye kivuli, "mafuta yako hayo yamepitishwa."

Wakacheka. Mie sikuweza kucheka. Niliangalia mikono yake, ngozi imebanduka viganjani kwa pondo, na kwa mara ya kwanza nikaona uchungu kwamba mie ndiye niliyemshinda kwa neno lake mwenyewe. Nikachutama kumshikia bakuli la mafuta.

Alisukuma pamba kwa kidole gumba mpaka ikaingia. Akaizima redio.

"Umebakiwa na muda gani skuli?" akaniuliza.

"Mwaka mmoja, baba."

Akaukagua ufa kutoka mwanzo mpaka mwisho, akaugonga mtumbwi kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Mtumbwi utafika," alisema. "Nipe pamba nyengine."