Mwanaume wa Chumbani mwa Mama

Wiki ileile tulipomzika Baba, nilisikia mwanaume akiongea chumbani mwa Mama.

Nilikuwa darasa la tatu. Nikavuta blanketi hadi machoni.

Baba alikuwa akiniwekea redio kando ya kitanda hadi nisinzie. Baada ya mazishi sikuiona tena. Nilidhani imebebwa na jamaa wa matanga.

Sasa kila tukizima taa, sauti ile nzito. Je, Baba amerudi?

Kijiji chetu kizima cha Endarasha kikajua. Pale tunapopeleka maziwa, Wachuka, anayeishi ng'ambo ya mto, akamchokoza Mama mbele ya watu.

"Watiri, ati uko na mgeni? Na kaburi haijaota nyasi!"

"Nyasi itaota tu," Mama akajibu, akacheka.

Nilitamani ardhi inimeze.

Jioni hiyo nikausukuma mlango wake.

Mama alikuwa ameketi kitandani, panga magotini. Redio ya Baba ilikuwa dirishani, imeelekezwa nje.

"Wezi wa ng'ombe wanajua baba yako hayuko," akaninong'oneza. "Wacha wafikiri kuko na mwingine."

"Na vile watu wanakusema?"

"Wacha waseme. Hao ndio wananitangazia."

Nikahamia kitandani kwake.

Kisha ikaja siku ya mvua tupu. Hatukuweza kuanika betri za redio juani zipate nguvu. Tulipolala tu, mtangazaji akafifia katikati ya habari, akanyamaza.

Halafu mlango wa zizi ukalia. Polepole.

Nilijikojolea.

Mama akapaza sauti: "Kahiga! Amka! Shika panga, mimi nipige nduru!"

Hatukuwa na Kahiga yeyote. Jina lilimjia tu mdomoni.

Nyayo zikakimbia matopeni.

Asubuhi tukapeleka maziwa kama kawaida. Mama hakumwambia mtu. Wachuka alikuwa pale na utani wake.

"Watiri, huyo Kahiga wako ameamkaje?"

Mama akanibana mkono hadi ukauma. Jina lile lilikuwa limetajwa mara moja tu, gizani. Aliyelisikia alikuwa zizini.

"Hakulala," Mama akasema taratibu. "Na leo pia halali."

Zizi letu halikuguswa tena.

Miaka mingi imepita. Mwezi uliopita tulimzika Mama. Wachuka alikuja na mkongojo wake, akalia kutushinda sote. Jioni nikaitia redio betri mpya, nikaiweka dirishani, imeelekezwa nje.

Wewe unayesoma, usimcheke mjane kabla hujajua anaogopa nini. Mimi niliogopa sauti ya gizani. Kumbe ya kuogopwa ilikuwa ile ya asubuhi, inayotutania.