Picha Iliyotikisika ya Chokaa

Saa mbili na robo asubuhi, fundi bomba Mama Koki amelala chali chini ya sinki la jikoni kwa watu, miguu imetokeza nje ya kabati, na hakuna kinachovuja. Koki ni nzima na bomba ni kavu. Mwenye nyumba, mshonaji mstaafu, amesimama na kikombe cha chai mkononi akitazama soli za viatu vya fundi wake wa zamani, hajui hata aulize nini.

"Mwanangu, una hakika hakuna kilichoharibika?" anauliza hatimaye.

"Kwako hakuna, mama. Kilichoharibika kiko kwangu," sauti inajibu kutoka kabatini.

Anachotafuta ni kadi ndogo ya kumbukumbu, ukubwa wa ukucha, aliyoibandika humo kwa utepe mweusi miaka tisa iliyopita. Ndani ya kadi hiyo huenda kuna picha ya marehemu mumewe akicheka. Huenda pia haimo. Wiki tatu sasa fundi huyu anaishi kwa huenda tupu, na ukikaa naye nusu saa kichwa kinaanza kukuzunguka na wewe.

Ana miaka hamsini na minne, ishirini na sita kati ya hiyo ameitumia kwenye ufundi bomba. Mumewe alikuwa fundi lipu, na mtaa mzima ulimwita Chokaa kwa sababu hakuna siku aliyorudi nyumbani bila weupe kichwani. Walifanya kazi pamoja. Mke alipitisha mabomba ukutani, mume akaja nyuma na mwiko wake kuyafunika.

Siku moja mteja wao alipigilia msumari wa kutundikia kioo, msumari ukapasua bomba, na chumba kikajaa maji hadi kwenye magodoro. Baada ya hapo Mama Koki akanunua kamera ya mtumba. Kila ukuta aliupiga picha kabla haujazibwa, baada ya kuandika juu yake kwa penseli kazi ya mwenye nyumba, chumba na tarehe. Picha hizo alizinakili kwenye kadi na kuibandika chini ya sinki la mteja, ili atakayekuja kesho na keekee kutoboa ukuta ajue bomba limepita wapi. Mpaka leo ameacha kadi katika nyumba hamsini na nane.

"Nilianza kwa kupiga picha za mabomba," anasema. "Nikajikuta napiga na mwanga unaoingia dirishani. Baadaye nikawa nampiga na yule bwana, bila hata kumwambia."

Hakuna aliyemfundisha. Kwa kuokoteza hivyo hivyo amefikisha picha 27,640, zote ndani ya folda moja aliyoipa jina "Kazi".

Chokaa alifariki miaka miwili iliyopita. Sebuleni ikabaki picha yake moja tu, ya kitambulisho, iliyokuzwa. Humo amekaza uso kama askari aliyenyimwa usingizi. Mjukuu wao ana miaka mitatu, na kila akiletwa huburuta kigoda, hupanda, na kuigeuza picha itazame ukuta. Akiulizwa sababu anajibu kwamba babu ni mkali.

Jambo hilo lilimchoma bibi. Chokaa alikuwa mtu wa masihara kuanzia anapoamka. Haiwezekani mtoto akue akidhani babu yake alikuwa mkali, na Mama Koki aliikumbuka picha moja ambayo mumewe anacheka mpaka macho yamefumba. Ilikuwa mle mle kwenye "Kazi". Alichohitaji, alidhani, ni programu tu ya kumsaidia kuipata.

Hapo ndipo alipokiona cha moto. Binti yake, karani wa ghala, aliapa kwa programu ya kulipia kila mwezi, kiasi cha kununulia koki mbili nzuri, na ukiacha kulipa inakufungia mlango. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, anayechapa na kudurufu karatasi dukani, alimletea ya bure yenye vitufe vingi kuliko chumba cha rubani. Muuza kamera alimuuliza kama yeye hupiga picha mbichi au zile ambazo kamera imeshazipika. Akamjibu kwamba yeye hupiga kuta.

Kisha akaambiwa kuwa programu ya kung'arisha picha siyo ya kuzipanga, ila ya kuzipanga nayo hung'arisha kidogo, na ile inayofanya yote mawili inataka kompyuta mpya. Alikuwa anaandika haya kwenye daftari lake la vipimo. Ukurasa huo sasa una mishale inayozunguka na kurudi ilikotoka.

"Nilidhani nanunua kabati," anasema. "Kumbe kila mmoja ananiuzia nyumba nzima, na kila nyumba ina mabomba yake."

Akapiga moyo konde, akaichukua ya binti kwa siku thelathini za majaribio, maana ilisifiwa kwa kutambua nyuso. Jambo la kwanza ilimletea picha ya tundu la umeme na kumuuliza, "Huyu ni nani?" Alicheka peke yake jikoni. Halafu ikamgawa Chokaa kuwa watu wanne: mwenye lipu usoni, asiye na lipu, mwenye kofia, na yule wa miezi ya mwisho kitandani.

Ikawaweka wawili bega kwa bega, Chokaa wa kofia na Chokaa wa kitandani, ikauliza kama ni mtu yuleyule. Chini yake palikuwa na vitufe vitatu. Mama Koki alikaa mbele ya swali hilo mpaka chai ikapoa.

"Nikabonyeza 'Sina hakika'," anasema, na anatazama pembeni. "Mume wangu mwenyewe."

Chokaa anayecheka hakuonekana katika wale wanne. Kesho yake programu ikamtangazia kwamba kuna picha 3,112 zisizo wazi, je, ziondolewe? Mtu aliyezibua mabomba maisha yake yote hapendi taka. Akabonyeza ndiyo. Kompyuta ilipolalamika kwamba imejaa, akamwaga na pipa la taka. Anasema alijiona msafi kweli kweli.

Siku nne baadaye alikuwa kazini, amepiga magoti bafuni kwa watu, akanyoosha mkono kuchukua spana asiikute. Palepale siku nyingine, ya enzi za Chokaa, ikamrudia nzima nzima. Siku hiyo pia aliitafuta spana, yenye mshikio mwekundu, akapekua mkoba, akapekua ndoo. Chokaa alikuwa amemaliza ukuta na anausawazisha. Akasimama, akautazama ukuta, akamtazama mkewe. Alikuwa ameipigia lipu spana, imo ndani.

Walicheka mpaka wakakaa chini, wakaapa kutomwambia mwenye nyumba na kulisahau jambo hilo. Na katikati ya kicheko hicho mke aliinua kamera.

"Kamera ilikuwa inaruka mikononi," anasema. "Picha gani ingetoka wazi pale? Nikaelewa. Ilikuwa kwenye zile elfu tatu. Nimemfuta kwa mkono wangu."

Siku hiyo hakula. Shemeji alikuja na programu nyingine, ya kufufua vilivyofutwa, ikafufua nusu ya mlango na mstari wa buluu. Ndipo akamwambia, kwa upole na bila nia mbaya, "Shemeji, kaka hakuwahi kucheka mbele ya kamera. Labda uliiona kwa macho tu."

Maneno hayo yalimmaliza kuliko kule kufuta. Alianza kujishuku. Alilala akiwa na hakika na picha, akaamka hana, hata spana yenyewe akawa hana hakika nayo. Nyumba gani? Ukuta gani? Waliapa kusahau, na kweli alikuwa amesahau.

Kilichomwokoa ni ufundi. Alijiambia kwamba kama spana ilizibwa ukutani, basi ilikuwa imening'inia kwenye bomba alipoupiga ukuta picha, na picha hiyo ilitoka wazi, kwa hiyo ipo. Aliiomba programu ya binti imtafutie spana, ikamletea vitasa vya milango. Basi akaanza kutafuta kwa macho, ukuta kwa ukuta, Jumapili na saa za chakula cha mchana, siku kumi na moja. Kwako wewe kuta hizo zote ni moja. Yeye anazijua kona zake kama unavyojua mwandiko wako.

Alhamisi iliyopita akauona mshikio mwekundu, umening'inia kwenye kona ya bomba. Kwa penseli paliandikwa: "Mshonaji. Bafu." na tarehe ya miaka tisa iliyopita.

Ndiyo maana leo amelala chini ya sinki hili. Mkono unatoka kabatini ukiwa umeshika kipande cha utepe, na kadi imenata humo. Mama Koki anaketi mezani, anafungua kompyuta aliyokuja nayo, anachomeka kadi. Kadi ina picha arobaini na moja. Enzi hizo hakuchagua cha kunakili, alimimina kila kitu kwa uvivu.

Ukuta. Ukuta. Ukuta wenye spana. Hapa analazimika kukiri, na mshonaji anasikiliza kwa makini habari za kifaa kilicholala bafuni kwake miaka tisa.

"Haijanisumbua," anasema mshonaji. "Ibaki humo."

Picha inayofuata ni ukungu mweupe, mwiko, na meno. Imetikisika kama kitu kinachotazamwa ndani ya maji. Ukimtafuta Chokaa unampata kwa shida, ila ukishampata humwachi. Macho yamefumba.

"Huyu hapa," anasema mkewe, na machozi yanamtoka huku anacheka.

Kabla hajayafuta, ujumbe unaibuka kwenye skrini: picha moja haiko wazi, iondolewe? Mama Koki anaondoa mkono kwenye kipanya kama aliyegusa waya wa umeme. Anamwomba mshonaji amshike mkono wa kushoto. Kwa kidole kimoja cha kulia, polepole, anabonyeza "Hapana".

Siku sita za majaribio zimebaki, na bado hajui achukue programu ipi. Mpango anaoujua ni huu: atanunua diski mbili za nje, moja ikae kwake na nyingine kwa binti, na atapita nyumba zote hamsini na saba zilizobaki kukusanya kadi, maana kati ya zile elfu tatu hajui ni nini kingine alichofuta. Akishakusanya zote ndipo atachagua. "Nitachukua ile itakayokubali kunitunzia picha mbovu," anasema.

Mchana anapitia dukani kwa shemeji. Shemeji anamwonya kuwa picha ikikuzwa itazidi kuharibika. Anaambiwa akuze. Karatasi inapotoka kwenye mashine anaichukua na kusema kwa sauti ndogo kwamba ndiye kaka yake, na kwamba anaomba radhi.

Nyumbani picha inatundikwa chini kidogo, kimo cha mtoto aliyepanda kigoda. Saa kumi binti analeta mjukuu. Mtoto anaona kitu kipya ukutani, anaburuta kigoda chake, anapanda, pua inakaribia kugusa karatasi.

"Bibi, huyu ni nani?"

Swali lilelile la programu. Safari hii Mama Koki hachelewi.

"Babu yako. Amefungia spana yangu ukutani."

Mtoto anamtazama babu, anatazama meno yale, anafikiri. Kisha anaiacha picha ilivyo, anashuka na kukirudisha kigoda mahali pake.