Mipira ya Gidoni na Boti ya Moba

Siku ile boti ya Moba ilikuwa inatoka mchana, na mama mkwe wangu alikuwa lazima apande. Alikuja Kalemie kumwona mjukuu, na asubuhi wakapiga simu kutoka kwao Kirungu, kule Moba: mume wake amezidiwa, anamwita. Boti nyingine itakuja lini? Muulize Mungu. Esanse ilikuwa imekosekana mjini, pikipiki zote zimelala. Ikabaki baiskeli yangu, na ile mipira ya gidoni, yaani ya kushikia usukani, ilikuwa imelegea, inazunguka ovyo mkononi.

Nikakaa uani kuitengeneza. Kazi gani ile! Mpira wa kwanza nikauvuta, ukatoka bila ubishi. Nikazungushia gidoni kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, ili ushike. Sasa ukakataa kuingia. Nikasukuma, nikapiga na kiatu, nikatukana. "Ingia basi, mujinga wewe!" Ukafika katikati, ukakwama. Aliyesema haraka haraka haina baraka hakuwa na boti ya kuwahi.

Nikachukua mawese. Kwetu mawese njo dawa ya kila kitu: mlango unaolia, kikohozi cha mtoto, kisigino kilichopasuka. Nikapaka, mpira ukaingia wenyewe. Wa pili vilevile. Nikafurahi, pumbavu mimi.

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni, ananitazama kwa pembeni. Akakohoa. Akakohoa tena. Sikugeuka, maana sisi hatusemeshani. Kati ya mkwe na mama mkwe ni heshima, kila neno linapitia kwa mke wangu, na mke wangu alikuwa ameenda kuchota maji. Hata mkono sijawahi kumpa. Nikasogeza baiskeli, akapanda nyuma na kifurushi chake cha ndagala, dagaa wakavu, akashika chuma cha kiti, si mimi.

Kwenye mteremko wa kwanza mpira wa kulia ukachomoka, nikabaki nao mkononi. Gidoni ikapinda, tukaanguka wote wawili, ndagala zake zikamwagika barabarani. Nikaurudisha mpira, ukatoka. Nikaufuta kwa shati, nikaurudisha, ukatoka. Nikautupa huko majanini, nikashika chuma kitupu, nacho kinateleza mafuta. Nililia kwa hasira, wapita njia wananitazama, na wanitazame! Tukaenda kwa miguu, mimi nasukuma baiskeli, yeye anachechemea nyuma yangu.

Tulipofika bandarini, boti ilikuwa imekwisha kutoka, iko mbali majini. Mama mkwe akasimama akaitazama. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, akanisemesha mimi mwenyewe, kwa ‘ninyi’ na ‘Papa’ za heshima.

"Niliona yale mawese," akasema. "Nilijua itateleza. Nilikuwa nangoja binti arudi, awaambie."

Nilitaka kumpigia kelele. Nilitaka pia kupiga magoti. Akafungua pindo la kitenge, akatoa simu yake, akanipa.

"Mumuambie, Papa. Mimi siwezi."

Nikapiga. Mume wake akapokea mwenyewe, sauti imekwisha kabisa.

"Amekwisha kupanda?"

Mama mkwe alikuwa amenishika mkono, kwa nguvu.

"Bado, Papa," nikasema. "Mumungoje."