Fulana ya Bwana Usonji

Fundi wa fulana alikuwa amekata majina mengi mno maishani, hata hakuyasoma tena. Majina hukatwa kinyume kwenye plastiki yenye gundi, na jicho lililozoea huona pembe na mikunjo tu. Ndiyo maana oda ya watu wa ofisi moja ya bima, fulana kumi na mbili za sherehe yao, kila moja na jina la utani mgongoni, ilimpitia mikononi bila kumgusa. Bosi Mtoto. Mama Mikutano. Chelewa Ufike. Bwana Usonji.

Aliyesoma ni mdogo wake. Yeye ndiye aliyebandua mabaki ya plastiki kwa pini, herufi baada ya herufi, kazi inayomshinda kila mwenye haraka. Mtaa ulimwita Saa Mbili, kwa sababu alifungua duka saa mbili kamili, mvua inyeshe jua liwake, na aliyewahi dakika moja alisubiri nje hata kama ni dada yake. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Neno usonji alilijua vizuri, maana liliandikwa kwenye kadi yake ya kliniki, hali aliyozaliwa nayo.

"Dada, huyu ni nani?"

"Mteja."

"Atakuja?"

"Sijui. Watazichukua saa tisa."

"Nitamsubiri."

Hapo ndipo dada alipopaswa kusema kwamba ni dhihaka tu. Maana ya jina lile aliijua, si mgeni wa matusi. Alilikuta kwenye simu, chini ya picha ya kipa aliyefungwa bao la kizembe. Jirani wa duka la pili aliiita hivyo kompyuta yake ikigoma. Zamani damu ilimchemka, akajibu, akagombana na watu asiowajua mpaka chaji ikaisha. Siku hizi ni ganzi tu, kama mguu uliokaliwa. Akaibana fulana kwenye pasi sekunde kumi na tano, akaikunja pamoja na zile nyingine.

Saa nane Saa Mbili alinawa uso, akasogeza kiti chake karibu na kaunta. Alikuwa na karatasi yenye maswali manne. Kama taa za dukani zinamlilia naye masikioni. Kama naye hukata lebo za nguo. Alifanyaje akapata kazi ofisini. Kama ana rafiki.

"Pale kliniki wote ni watoto," alimweleza dada yake. "Mkubwa sijawahi kumwona."

"Huenda asije," dada akasema. Akaishia hapo, mwoga mkubwa.

Saa tisa na dakika nane akaingia mama mmoja wa ofisini, mcheshi, simu mkononi. Alizikunjua fulana moja moja, kila moja akaichekea. Saa Mbili akasimama, macho yake kwenye kaunta.

"Bwana Usonji yuko wapi?"

"Huyo? Ni jamaa yetu wa stoo, tumemwacha ofisini."

"Nina maswali yake."

"Maswali gani tena?"

"Ya usonji."

Yule mama akaangua kicheko. "Ah, kaka yangu! Yule haumwi chochote, mzima kabisa. Ni vile utani haelewi, ukimsalimu anaangalia ukuta. Basi sisi tunamchokoza tu."

"Kwa hiyo hana?"

"Hana, Mungu apishe mbali!"

Akamgeukia fundi ili wacheke pamoja, kama wafanyavyo wanawake wawili wanaoelewana. Na fundi akacheka. Kile kicheko cha kaunta, cha kumwambia mteja karibu tena, kilimtoka chenyewe kabla hajakifungia mlango. Mama akabeba mfuko wake, akashukuru, akatoka.

Saa Mbili alibaki amesimama na karatasi yake.

"Hayupo," alisema.

"Hayupo, mdogo wangu."

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

Saa Mbili akaketi, akachukua pini, akavuta kazi iliyofuata. Alibandua herufi mbili, ya tatu ikamkatikia. Haikuwahi kumkatikia.

"Ulicheka," akasema.

Hakuwa analaumu, alikuwa anataja kilichotokea. Dada akangoja machozi yaje, hata kidogo, hata ya aibu. Hayakuja.

"Ndiyo," akamjibu. "Nilicheka."