Ukuta wa Bibi Katika Stoo ya Kahawa

Harufu ya samadi mbichi iliyochanganywa na majivu hunirudisha moja kwa moja Ngara, uani kwa bibi mzaa baba. Wenzangu huziba pua. Mimi husimama.

Bibi alizaliwa ng'ambo ya mto Kagera akaolewa upande wetu. Kila kiangazi alichora ukuta wa nyumba kwa matuta membamba ya samadi, akayaacha yakauke, kisha akayapaka rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo. Mvua zilipokuja ziliyabomoa yote, naye akasubiri kiangazi kingine bila kulalamika.

Ndipo Mwalimu Generoza, jirani yetu mstaafu, akasafisha stoo ya kahawa ya marehemu mumewe ili atundike kazi za watu wa mtaani wasiojulikana popote. Alikuja kwetu amebeba ubao mpana.

"Shikamoo, mama. Naomba unitengenezee ukuta wako hapa."

"Marahaba, mwanangu. Mavi ya ng'ombe yatundikwe, watu waje kuyatazama? Unataka wanicheke?"

Na kweli, bombani walishaanza kucheka. Bibi aliuegemeza ubao jikoni, nikajua utakuwa mlango wa banda la kuku. Lakini asubuhi moja nilimkuta amepiga magoti mbele yake, vidole vimejaa samadi, hata salamu yangu hakuisikia.

Siku ya ufunguzi tuliingia baada ya misa. Stoo niliyoijua ilikuwa ya magunia na panya. Sasa kuta ziling'aa kwa chokaa, na juu yake kulikuwa na vinyago vya fundi baiskeli na vikapu vya wanawake niliowajua kwa kuuza maharage tu. Katikati ulikuwepo ubao wa Bibi. Mwanga wa dirisha ulitambaa juu ya matuta yale, yakawa kama yanapumua. Mzee mmoja kati ya waliocheka akavua kofia.

Chini ya ubao palibandikwa karatasi.

"Wameandika nini?" Bibi aliniuliza.

"Xaveria Nyamwiza." Sikuwahi kulisikia jina hilo. "Ni nani huyu, Bibi?"

"Ni mimi," alisema polepole. Kila mtu alimwita Mama Petro. "Soma tena."

Nikasoma.

"Tena."

Chumba kile bado kipo, na kila mwaka kinapokea mikono mipya. Siku ile nilidhani uzee umemziba Bibi masikio. Ilibidi nikue, nizae, nami niitwe mama fulani miaka mingi, ndipo nikajua kwamba alikuwa akisikia vizuri kabisa.