Nilipotoroka Chuo Kwenda Songwa

Nilipomaliza shule ya kati, kaka yangu, fundi kwenye machimbo ya almasi upande wa Songwa, alitaka nimfuate. Mwalimu wangu alitaka niende chuo kidogo cha ualimu nje ya mji wa Shinyanga. Baba alinisikiliza nikiyapima hayo mawili mpaka akachoka.

"Chagua mwenyewe," akasema. "Ila ukishachagua, usije ukanililia."

Nikachagua chuo, kwa sababu tu mwalimu yule ndiye mtu pekee niliyemjua ambaye alipozungumza, watu wazima walinyamaza.

Chuoni tulikuwa wachache kiasi kwamba mtu akikohoa bwenini, kila mmoja alijua ni nani. Kengele ya kuamka, kengele ya sala, kengele ya uji, kengele ya bustani. Mimi niliyezoea kushinda mbugani na ng'ombe wa baba nilijiona nimefungwa kamba mguuni. Treni ya Mwanza ikipiga honi, sikuandika tena neno. Wenzangu walishapanga nguo zao kabatini. Zangu zilikuwa bado sandukuni.

Jirani yangu wa kitanda alikuwa Mzinza, mkubwa kuliko sisi sote, aliyewahi kuchimba dhahabu kwao Geita. Siku moja tukimwagilia mchicha akaniambia, "Wewe utatoroka."

"Nani kakwambia?"

"Unakula umesimama."

Jumamosi ya wiki ileile nikadandia lori la pamba.

Kaka alinipokea kwa furaha, akanipikia ugali na nyama, wala hakuniuliza kitu. Kesho yake akanipeleka kwa msimamizi wake, ambaye alinitazama mikono, akasema nianze Jumatatu. Ndicho nilichokuwa nimekifuata. Lakini jioni, tumekaa kibarazani, king'ora kikalia. Watu wakatoka lango la machimbo kwa mstari, wakipekuliwa hadi kwenye nywele, na wengine wakaingia kushika nafasi zao. Kaka naye akainuka kuwahi zamu, chai yake ikiwa nusu. Nikaihisi tena mguuni ile kamba ya chuoni. Nikaogopa. Kumbe nililolikimbia nilikuwa nimekuja nalo.

"Kaka, narudi."

"Unarudi wapi? Kazi nimeshakuombea!"

"Chuoni."

Aliondoka bila kuniaga.

Mkuu wa chuo, Mnyamwezi mmoja mkali, alinikuta nimesimama mlangoni kwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umerudi kufanya nini?"

"Sijui, Mwalimu."

Nilidhani atanifukuza. Akanipa adhabu: kuchunga ng'ombe wa chuo kila alasiri hadi muhula uishe. Wenzangu walicheka. Mimi nilikwenda nyuma ya ng'ombe wale na kitabu mkononi, nikisoma kwa sauti, na kwa mara ya kwanza maneno yakanikaa kichwani. Darasani yalikuwa yakinipita tu. Siku nyingine Mzinza alinifuata, nikimsomea, akiniuliza maswali, tukibishana hadi ng'ombe wakaingia mtamani kwa watu.

Utulivu haukuja wote. Bado honi ya treni ilinisimamisha kalamu. Ila nguo nilizitoa sandukuni, sikumbuki hata siku gani.

Muhula ulipoisha, Mkuu akaniita. "Adhabu yako imekwisha."

"Naomba niendelee nayo, Mwalimu."

Akageukia karatasi zake mezani. "Haya. Lakini mtihani ukikushinda, usije ukawasingizia ng'ombe."