Mwanasesere wa Juu ya Kabati

Mimi ni mtu wa kufungua. Ukiniletea zawadi nitaichana karatasi mbele yako, na kama utaniona sina adabu, shauri yako. Wanangu wananicheka. Mmoja wao hununua vigari vidogo vya kuchezea na kuvipanga sebuleni bila kuvitoa kwenye maboksi yao, anasema vikifunguliwa havina maana tena. Tumegombana juu ya vigari hivyo mara nyingi, na kila mara nimetoka chumbani kabla ya kumwambia kinachoniudhi. Kinachoniudhi ni habari ya zamani, ya Lubumbashi, na inamhusu marehemu baba.

Baba alifanya kazi kwenye bohari ya vipuri ya kampuni ya shaba. Kila Desemba kampuni iliwaita watoto wa wafanyakazi ukumbini ili wapewe vitu vya kuchezea. Mama alituhadithia kwamba zamani aliyegawa alikuwa Mtakatifu mwenye ndevu nyeupe na fimbo ya askofu. Enzi zetu majina ya watakatifu yalikuwa yamepigwa marufuku, na ndevu zikaondoka nayo. Aligawa bwana mmoja aliyevaa abakosti, koti lisilo na tai, lililofungwa vifungo mpaka kooni, akituita "bana ya Zaïre", watoto wa Zaïre. Lakini zawadi zilikuwa zilezile. Tulipanga mstari, karani akasoma namba ya kazi ya baba, halafu majina yetu kutoka kwenye kadi ya familia. Mtoto asiyekuwa kwenye kadi hakuitwa, hata angelia vipi.

Watoto wa majirani walifungua katoni zao palepale mlangoni, na kufika mwaka mpya magari yao hayakuwa na magurudumu. Mimi na mdogo wangu tulizipeleka zetu nyumbani zimefungwa. Baba alizipokea, akaandika juu yake jina na mwaka, akazipandisha juu ya kabati la sebuleni. Kila mtoto angefungua zake siku ya komunyo yake ya kwanza, mbele ya wageni, si kabla ya hapo.

"Kintu kama iko mu katoni, iko mupya kila siku," alituambia. "Ukifungua, kesho iko buchafu."

Mama alijivunia zile katoni. Mgeni akikaa tu, macho yake yalipanda juu ya kabati, na mama alikuwa tayari na jibu: "Ile yote ni ya bana." Mimi nilizichukia. Nilipofikia komunyo yangu nilikuwa na miaka tisa, na nilichokuta humo ni njuga za mtoto mchanga, mpira uliokauka hadi ukapasuka, na seti ya vikombe vya kuchezea ambavyo ningevipenda mno nilipokuwa na miaka mitano. Nilicheza navyo siku mbili kwa ajili ya kumpa baba heshima.

Zikabaki za mdogo wangu. Katoni aliyoipenda kupita zote ilikuwa na picha ya mwanasesere wa nywele za njano na gauni jekundu, aina ile ambayo ukimlaza hufumba macho. Jumapili baada ya misa baba alituruhusu kusikiliza, yaani kuishusha katoni, kuiinamisha polepole na kuipandisha tena. Ukiiinamisha ya mwanasesere, macho yake yaligonga kidogo ndani kwa ndani. Mdogo wangu alisikia mlio huo akacheka peke yake, na ilimtosha wiki nzima. Nimeona watoto wengi wakicheza, lakini huyo aliyecheza kwa masikio sijamsahau.

Jumapili moja aliiinamisha na hakukugonga kitu. Uzito ulikuwa uleule.

"Yaya, alilala," akaniambia mimi dada yake mkubwa, akairudisha taratibu ili asimwamshe.

Alikuwa na miaka minane, na komunyo yake ilikuwa imekaribia. Gauni jeupe lilihitajika. Siku zote mama alishonewa na jirani yetu, lakini safari hii baba aliingilia mambo ya nguo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Kwiko mama mumoya ku Katuba," alisema. "Mukono yake iko muzuri." Mama akakubali, akanituma mtaa huo wa Katuba na kitambaa pamoja na gauni la zamani la kupimia.

Uani kwa yule mshonaji nilimkuta mtoto wa kike wa miaka minne hivi, amebeba mwanasesere mgongoni kwa kipande cha kitenge. Nywele za njano zilikuwa zimesukwa misuko midogo midogo, lakini gauni lilikuwa jekundu, na alipomshusha ili anionyeshe, macho yalifumba yakagonga. Niliujua mlio huo.

"Nani alikupatia?" nikamuuliza.

"Papa njo aliniletea." Papa ndiye, alimaanisha.

"Papa yako anatumika wapi?"

"Ku kampuni."

Alikuwa na paji letu la uso, lililotokeza mbele, lile lililofanya nitaniwe shuleni. Mama yake alipima kitambaa bila kuniangalia. Hakuniuliza mimi ni mtoto wa nani, na mtu wa Lubumbashi asipokuuliza hilo, ujue analijua tayari. Alinipa mkate na chai yenye sukari nyingi. Nikala, kwa kuwa nilikuwa na njaa, na njiani nikajichukia kwa ule mkate. Siku hizo wanaume walikuwa na jina la nyumba ya namna hiyo, wakiiita deuxième bureau, ofisi ya pili, na watu wazima wakilitaja walicheka. Nami nilikuwa nacheka nao bila kujua ninachocheka.

Kesho yake mama alikwenda sokoni na mdogo wangu alikuwa bado shuleni. Nikaishusha ile katoni. Kazi ya baba boharini ilikuwa kufunga makasha kwa karatasi ya gundi, ile inayolowanishwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa amenifundisha kuibandua bila kuichana: sifongo yenye maji, subira, halafu ukucha. Karatasi hii haikuhitaji subira. Ilikuwa imekwishabanduliwa mara moja, ikabandikwa tena kwa mkono unaoijua kazi. Ndani mlikuwa na matambara ya kufutia mashine na nati kubwa ya chuma iliyofungwa kwa gazeti ili isigonge.

Nilikaa sakafuni nayo mapajani. Nilichokiona mbele yangu ni siku ya komunyo: baba zangu wadogo, shangazi, wazee wa parokia, wote sebuleni, na mdogo wangu akitoa nati ndani ya matambara. Mama angekuwa kichekesho cha mtaa mzima. Nilifunga katoni nikairudisha juu. Nilimkasirikia baba, nikamkasirikia yule mwanamke na mkate wake, nikamkasirikia hata mama kwa kutojua. Lakini mtoto wa miaka kumi na moja hana pa kuipeleka hasira kwa wakubwa, na yangu ikamwangukia aliyekuwa mdogo kuliko wote.

Gauni lilipokuwa tayari nilitumwa kulichukua. Mshonaji aliingia ndani kulipiga pasi. Nikachuchumaa mbele ya mtoto wake.

"Papa anamutaka," nikamwambia, nikimgusa mwanasesere. "Anataka kumutengeneza kidogo. Papa njo atamuleta."

Hakulia, na hilo ndilo baya. Kwa kuwa ni Papa aliyeomba, alifungua kitenge mwenyewe, akamfunika mwanasesere kichwa asipigwe na jua, akanipa kwa mikono miwili. Nilimtia mfukoni chini, gauni jeupe likawekwa juu yake, nikaaga kwa adabu zote.

Nyumbani nilizifumua nywele zake, nikazilowanisha na kuzichana mpaka zikaanguka mabegani kama kwenye picha. Nilimfulia gauni lake. Nikatoa matambara na nati, nikamlaza yeye ndani, nikafunga katoni kwa gundi mpya, nikabonyeza pembe kwa kidole gumba kama baba, na usijidanganye kwamba nilijuta. Nilijiona hodari. Nilijiona nimeiokoa nyumba.

Siku yenyewe ilifika. Kuku walikuwa wamepikwa, kreti za bia zimepangwa, mdogo wangu kakaa katikati na gauni lake jeupe, hajala kitu kwa kungoja. Baba alizishusha katoni nyingine zote, ile ya mwanasesere akaiacha juu.

"Ile tutafungula kesho," alisema. "Bantu bashachoka."

"Hatuyachoka," wadogo zake wakamjibu, na mmoja wao akapanda kitini akaishusha. Nilimwona baba akikaa kwenye kiti na kuweka mikono yake katikati ya magoti. Mdogo wangu akabandua karatasi, akaingiza mikono, akamtoa mwanasesere wake. Watu walipiga makofi. Baba hakumtazama mwanasesere, alinitazama mimi, na katika maisha yangu sijatazamwa hivyo tena na mtu yeyote. Kulikuwa na woga ndani yake, na shukrani, na aibu. Hayo yote kwangu mimi, mtoto wake.

Mama akamchukua mwanasesere amwonyeshe shangazi. Alizisogeza zile nywele nyuma ya sikio, akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka. Masikio yote mawili yalikuwa yametobolewa, na katika kila tundu mlikuwa na kifundo cha uzi mweusi, kama tunavyowafanyia watoto wetu wa kike wakiwa wachanga, sindano ya mama yao, na uzi unaachwa humo mpaka kidonda kikauke. Mimi nilikuwa nimechana nywele juu ya masikio hayo bila kuyatazama.

"Ku usine njo banatobolaka bana masikio?" mama akamuuliza baba, kana kwamba kiwandani kuna sindano hiyo.

Hakupaza sauti. Lakini shangazi aliusukuma mkono wa mama mbali na ule uzi, kwa kuwa uzi wa mwanamke mwingine unaoingia nyumbani kwako kwa siri ni jambo la kuogopwa, na wanawake wote pale walikiona alichofanya. Chakula kililiwa haraka, na saa tisa wageni walikuwa wamekwishaondoka.

Baba alijitetea kwa sentensi moja tu. "Ule mutoto, kampuni haimujue. Haiko ku kadi."

"Ata mi sikumujua," mama akamjibu.

Kabla ya jioni baba aliapa, mikono juu ya msalaba wa ukutani, kwamba hatatia mguu Katuba tena. Mama akanigeukia. Nilitegemea nikumbatiwe, nakiri hivyo.

"Njo weye ulienda kukamata robe," akasema, akilionyesha gauni jeupe. "Ulijua. Wiki mbili ulinitazama mu macho na ulijua."

Alimnyang'anya mdogo wangu mwanasesere, ambaye alikuwa amemkumbatia kifuani kwa muda wa mlo mmoja tu, akamfunga ndani ya gazeti na kumweka nje, chini ya paa la jiko. "Utamurudisha kule ulimutosha. Kintu ya mutoto ya bantu hailale mu nyumba yangu." Mdogo wangu aliniuliza amekosa nini. Nikamwambia hajakosa, na hakuniamini, na kwa miaka mingi hakuniamini katika mengine pia.

Jumatatu baada ya shule nilikwenda Katuba. Mtoto alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha ua, mikono mitupu. Alifungua gazeti, akasogeza nywele, akaangalia sikio la kwanza na la pili, akaridhika. Kisha akanyanyua shingo kutazama nyuma yangu, barabarani.

"Papa eko wapi?" akauliza. "Ulisema Papa njo atamuleta."

Nikamwambia yuko njiani. Alisogea kwenye kizingiti ili kuacha nafasi, akampanga mwanasesere mapajani uso kwa barabara, na nikaondoka kwa haraka nisimwone akisubiri.